Muhuri wa Lamu Hautafutwi Lamu

Mkusanyaji wa mihuri ya posta akikukaribisha kwake, usinyooshe mkono. Mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alinifunza adabu hiyo hata sijaketi vizuri. "Umenawa, mwanangu?" Nimenawa, mzee. "Na kujifuta?" Akanikagua viganja kama mtoto wa chuoni. Chai iliyoletwa na mjukuu wake aliirudisha chumba cha pili, ndipo akafungua sanduku la bati, akachopoa bahasha moja kwa kibano na kuilaza kifudifudi juu ya kitambaa cheupe.

Kifudifudi ndiyo desturi yao. Sisi wageni macho hukimbilia stempu. Wao huanza na mgongo wa bahasha, kwa sababu huko ndiko makarani wa njiani walikogonga mihuri ya kuipokea barua. Tarehe zikifuatana, safari nzima inasomeka: ilifika lini Zanzibar, ililala siku ngapi Aden ikingoja meli. Baadaye bahasha hugeuzwa, ikainamishwa chini ya taa ili wino uliofifia ujitokeze, na hapo watu hunyamaza.

Stempu safi inayong'aa, isiyowahi kutumika, haiwashughulishi sana. Wanachokihusudu ni ule uchafu wa wino: duara lenye jina la mji mdogo. Chukua Lamu. Wajerumani walifungua posta pale Novemba 1888, wakaifunga Machi 1891, kwani mkataba wao na Waingereza wa Julai 1890 ulikuwa umewatoa katika usultani wa Witu, jirani na Lamu, na pwani yake. Stempu walizouza Lamu ni zile zile zilizouzwa Berlin. Hazikuandikwa chochote cha Afrika. Kilichozitofautisha ni maneno mawili tu ya muhuri, LAMU na OSTAFRIKA. Stempu hiyo hiyo ikiwa na muhuri wa Berlin haikununulii kahawa chungu. Ikiwa na wa Lamu, na bahasha yake nzima, watu wazima wenye heshima zao hununiana mnadani. Ndiyo maana kuna waghushi, na ndiyo maana hakuna anayelipa fedha nyingi bila cheti cha mtaalamu.

Bagamoyo na Dar es Salaam zilipata posta ya Kijerumani Oktoba 1890, nazo zilianza vivyo hivyo, kwa stempu za Ujerumani zisizo na alama. Mwaka 1893 ndipo stempu zikachapwa juu yake neno "Pesa", maana huku watu walihesabu kwa rupia, na rupia moja ilikuwa pesa 64. Zile za kabla ya hapo wakusanyaji huziita watangulizi, na huzitaja kwa sauti ya chini kidogo, kama watu wanavyowataja wahenga.

Si kwamba hawacheki. Posta ya Zanzibar ilipotoka mikononi mwa India mwaka 1895, stempu za India zilichapwa jina la kisiwa juu yake, na baadhi zikatoka "Zanzidar". Kosa lile kwao ni johari. Mwaka huo huo kule Uganda, mmisionari Ernest Millar alizipiga stempu kwa taipureta, moja moja, bei yake ikahesabiwa kwa kauri, zile simbi za sokoni. Kila mkusanyaji niliyekutana naye amenisimulia habari za Millar, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza kunisimulia.

Mimi nililelewa katika dhambi yao kubwa. Tulipokuwa watoto tuliloweka bahasha ndani ya beseni, stempu ikibanduka tunaianika juu ya gazeti, na bahasha tunaitupa. Nilipomwambia mzee, alifumba macho. Mihuri mingi ya zamani haikuliwa na mchwa wala mvua. Waliiharibu wakusanyaji wenyewe, kwa maji na mkasi, wakati stempu ilipokuwa ndiyo kila kitu.

Lakini linalowasumbua zaidi ni jambo jepesi ambalo sikuwa nimelifikiria: barua huhama. Iliyotiwa posta Lamu haikubaki Lamu. Ilikwenda kwa aliyeandikiwa, ikahifadhiwa huko, ikarithiwa huko. Kwa hiyo anayekusanya mihuri ya Lamu hana la kutafuta Lamu. Aitafute Hamburg, Bombay, London. Unachoweza kukipata hapa pwani ni barua zilizoingia. Mzee anazo kadhaa, za mfanyabiashara aliyeandikiwa kutoka Bombay, na kila moja ina tundu dogo katikati. Karani wa duka alikuwa akizitunga kwenye waya mmoja baada ya kuzijibu, kama samaki. Mnunuzi wa mbali angeliona tundu lile kasoro. Mzee alilipitishia kidole hewani, bila kuligusa, akasema, "Hii ndiyo alama ya kuwa ilijibiwa."

Na majibu yako wapi? Alifunua albamu, akanionyesha ukurasa mtupu. Juu ameandika kwa mkono, kwa hati nzuri: Lamu, 1888–1891. Chini yake pembe nne za kushikia bahasha zimekwisha kubandikwa, kwa kipimo. Ameshindwa mnadani mara tatu.

"Nne," alijisahihisha, akafunga sanduku na kumwita mjukuu alete chai. Ilikuwa imekwisha poa.