MDUDU WA MABAWA YA WAVU NA JAMAA ZAKE
Somo la Redio kwa Madarasa ya Watu Wazima

Leo tumtazame mdudu ajaye kwenye taa usiku: mwembamba, rangi ya kijani, macho yang'aayo kama dhahabu, na mabawa kama wavu. Duniani ziko aina zake zaidi ya 1,200.

Jamaa zake ni nani? Mwamjua yule mdudu achimbaye kishimo mchangani, akakaa chini kungoja sisimizi? Huyo ni ndugu yake wa mbali. Tazameni vinywa vya mabuu, yaani watoto wao. Kila buu ana taya mbili zilizopinda, zenye uwazi ndani kama mrija. Humchoma mdudu, kisha humfyonza. Kinywa hicho ni urithi wa babu mmoja wa kale sana.

Lakini urithi hubadilika kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi. Popo huwinda gizani kwa sauti kali tusizoweza kuzisikia. Wengi wa wadudu hawa wa kijani wana sikio dogo katika shina la bawa la mbele. Wakimsikia popo, hufunga mabawa wakajiangusha. Ukoo wao mmoja, wenye maumbile ya kikale, hauna sikio hilo. Basi wataalamu waona kwamba sikio lilikuja baadaye. Wasiosikia waliliwa, waliosikia kidogo waliokoka, wakazaa, na watoto wakarithi.

Mabuu wa aina nyingi hujitwika takataka mgongoni, pamoja na ngozi za wadudu waliowafyonza, ili adui asiwatambue. Desturi hii ni ya kale mno. Mwaka 2012 wataalamu walieleza habari za buu wa jamii hii aliyepatikana Hispania ndani ya kaharabu, yaani utomvu wa mti uliogeuka jiwe. Umri wake ni miaka milioni 110 hivi, na mgongoni bado ana mzigo wa vinyweleo vya mimea.

Basi, mkiona takataka zitembeazo juu ya jani la kunde lenye vidukari, msizifinye. Huenda ni buu huyu, naye hula vidukari waharibuo mazao yenu. Mayai yake nayo yaacheni: kila moja limesimama juu ya uzi mwembamba.

Maswali
1. Ni kitu gani kinachoonyesha undugu wa wadudu hawa wawili?
2. Sikio lina faida gani?
3. Kwa nini mkulima asimwue buu huyu?

Kwaherini.