Matanga Yasiyokaliwa: Kuhusu Riwaya ya Haruki Murakami

Riwaya ya Mjapani Haruki Murakami iliyotolewa mwaka 1987 kwa jina la wimbo wa Beatles, Norwegian Wood, huwafikia wasomaji wa kwetu kwa Kifaransa: La Ballade de l'impossible, tafsiri ya mwaka 1994. Ni rahisi kuieleza kwa sentensi moja: kijana Watanabe alimpenda Naoko, msichana mwenye wazimu. Kwa maoni yetu sentensi hiyo inaiharibu riwaya, na neno linaloharibu ni la mwisho.

Kizuki, rafiki wa Watanabe, alijiua akiwa na miaka 17 bila kuacha barua. Naoko alikuwa mpenzi wake tangu utotoni. Dada yake Naoko naye alijiua katika umri huo huo, na Naoko, akiwa bado mtoto, ndiye aliyemkuta. Mwaka 1968 Watanabe na Naoko wanakutana Tokyo. Wanatembea mitaani Jumapili baada ya Jumapili, na jina la marehemu karibu halitajwi.

Kiswahili kina kitenzi cha hali hii: kufiwa. Anayekufa ni mwingine, lakini kiima cha sentensi ni aliyebaki. Naoko amefiwa mara mbili. Mazishi yalifanyika, bila shaka; matanga ni jambo jingine, ni kukaa pamoja na kumtaja aliyekwenda.

Baadaye Naoko anakwenda kuishi katika makazi ya wagonjwa milimani karibu na Kyoto. Huko anasimulia kwamba usiku Kizuki na dada yake huzungumza naye. Msomaji atakumbuka kuwa wazimu na mzimu ni maneno ya ukoo mmoja, na hapa ukoo huo una kweli yake. Lakini wazimu wa leo ni tusi la barabarani, nalo humtoa mgonjwa miongoni mwa watu. Tusizidishe upande wa pili pia: Watanabe naye alifiwa, wala hakuugua hivyo. Ugonjwa wa Naoko ni ugonjwa.

Anajiua msituni, na mazishi yake ni ya upweke. Kisha Reiko, mwalimu wa muziki aliyeishi naye kule milimani, anafika kwa Watanabe na gitaa. Wanapika, wanakunywa, na Reiko anapiga wimbo baada ya wimbo, kijana akihesabu kwa njiti za kiberiti, hata zikafika 51. Hayo ndiyo matanga ya kwanza kitabuni.