Tarakilishi Nayo Yahitaji Mwalimu

Mwaka 2004, hasa katika wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yenye aflatoksini, yaani sumukuvu. Sumu hii hutokana na kuvu. Haionekani kwa macho wala haimalizwi na moto wa kupikia. Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta njia ya kuitambua upesi, kabla nafaka haijafika jikoni.

Njia mojawapo ni ya mwanga. Punje humulikwa kwa miale ya infraredi. Mingine hufyonzwa, mingine hurudi. Kila kemikali hufyonza kwa namna yake, na mchoro upatikanao huitwa spektra. Kwetu sisi wanaisimu jambo hili si geni, kwani hata irabu 'a' na 'u' twazitofautisha kwa jinsi nguvu ya sauti inavyogawanyika katika masafa mbalimbali.

Tatizo ni kwamba maji, wanga, mafuta na protini huacha alama zao pamoja katika mchoro huo, na sumu yenyewe ni haba mno: kiwango kinachoruhusiwa nchini hakizidi maikrogramu 10 katika kilo moja. Hapo ndipo tarakilishi inapoitwa. Hupewa spektra za sampuli nyingi pamoja na majibu yaliyopimwa na wakemia maabarani, nayo hujifunza kuhusisha mchoro na jibu. Mara nyingi inachokitambua si sumu, bali mabadiliko yaliyoachwa na kuvu ndani ya punje.

Basi tusihadaike. Tarakilishi ni mwanafunzi hodari, lakini hujua tu yale iliyofundishwa. Ikifundishwa kwa mahindi ya manjano ya Marekani, kisha ikaletewa mahindi yetu meupe, yaweza kutoa hukumu ya kosa bila kusita. Hapana budi sampuli zikusanywe Kitui na Makueni, wakemia wetu wazipime, na mashine itahiniwe kwa mahindi ambayo haijapata kuyaona.

Walimu nao wana wajibu wa kuyaeleza haya kwa Kiswahili fasaha. Mkulima anayeambiwa gunia lake litupwe ana haki ya kuuliza sababu. Kumjibu kwamba mashine imesema si kumjibu.