Mfasiri wa Kompyuta

Wasikilizaji, mzee wa Hombolo asemaye Kigogo tu, akitaka kupeleka barua ya Kiswahili ofisini, hutafuta mfasiri. Kompyuta nayo ina lugha yake: tarakimu 0 na 1 tu. Zamani wataalamu walijitaabisha kuiandikia maagizo kwa tarakimu. Mwaka 1957 John Backus na wenziwe wa kampuni ya IBM, Marekani, walitoa mfasiri wa lugha ya FORTRAN. Mfasiri huyo si mtu, ni programu; huligeuza andiko zima kuwa tarakimu kabla mashine haijaanza kazi.

Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha, na mashine hizi zikatumika kuhesabu mali ya umma. Basi fahamuni: mfasiri hukamata kosa la sarufi, si kosa la mawazo. Mwandishi akiweka kodi ya shilingi 100 badala ya 10, atafasiriwa kwa uaminifu, na mlipaji ataumia.