Pumzi Hutangulia Mfupa

Tumezoea kuwagawa wanamichezo mafungu mawili: wa kulipwa na wa ridhaa. Wa kulipwa ana mwalimu, ana daktari, ana mkataba, na siku anapoumia yupo mtu ambaye kazi yake ni kumwambia, "Leo usikimbie." Wa ridhaa hana hata mmoja katika hao. Anacho alichojaaliwa na Mwenyezi Mungu, yaani miguu miwili, moyo na hiari yake. Na ile kazi ya kujizuia, ambayo ndiyo ngumu kuliko kazi zote za riadha, ameachiwa yeye peke yake.

Leo nataka kuwasimulia wasomaji habari za mmoja wa watu hao, mwalimu wa skuli ya msingi katika shehia yetu, kaskazini ya Pemba. Jina lake silitaji, kwa kuwa ndivyo alivyoniomba. Na niseme kweli tangu mwanzo kwamba katika kuanguka kwake mimi nilikuwa na mkono.

Mwalimu huyu alianza kukimbia mwezi wa Novemba mwaka 2022, mvua za vuli zilipokuwa bado zinaanguka. Hakuwa na kocha. Alikuwa na raba za mtumba na simu ya mkononi ya kupimia masafa. Kila alfajiri, baada ya kutoka msikitini, alishika njia akapita baina ya majamvi yaliyokunjwa ya karafuu, akapanda vilima na kuvishuka, kisha akarudi kuoga na kwenda kufundisha. Waliomwona walicheka. "Mwalimu, unakimbizwa na nani?" ndiyo iliyokuwa salamu yake kwa muda wa mwezi mzima. Naye akijibu kwa kicheko na kupita. Wiki ya kwanza alikimbia kilomita 15 kwa jumla. Mwisho wa Disemba alikuwa amefika 28, na kilima kilichokuwa kikimsimamisha akishika magoti alikipanda huku anazungumza.

Hapo ndipo kicheko kilipogeuka sifa. Watoto wa skuli wakaanza kumfuata kwa mbio hadi kwenye daraja. Wazee wakamtaja barazani. Mimi, kwa dhamana yangu katika tawi, nikaona hii ni fursa ya kuitangaza shehia yetu. Nikapendekeza tumchangie nauli aende kushiriki nusu marathoni ya Kilimanjaro mjini Moshi, mwishoni mwa Februari. Pendekezo likapita kwa makofi. Wavuvi walitoa, wachumaji wa karafuu walitoa, hata kina mama wa kikundi cha mwani walitoa. Nami, nikitoa shukrani kwa niaba ya wote, nilitamka mbele ya watu kwamba mwalimu wetu atarudi na medali ya ushindi. Sikumwuliza kwanza kama yuko tayari, wala sikujua kwamba hakuwa tayari.

Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa mkimbiaji mambo huenda vivyo hivyo, ila tofauti ni kwamba yeye hulizidisha tembo. Baada ya mkutano ule mwalimu aliona haya kukimbia kidogo. Katika muda wa wiki tatu za Januari alitoka kilomita 28 kwa wiki akafika 50. Siku ya mapumziko aliifuta. Jua la kaskazi lilikuwa limekwisha kuwa kali, lakini alikimbia asubuhi na tena jioni.

Ni muhimu tuelewe nini hutokea ndani ya mwili wa mtu wa namna hii, kwa sababu vijana wengi wanaumia kwa kutolijua jambo hili moja. Moyo na mapafu hujifunza upesi. Katika wiki chache tu za mazoezi pumzi hurefuka, na mtu hujiona amekuwa mwingine. Lakini mifupa na kano hazina haraka hiyo. Mfupa unapopigwa na ardhi kila siku hujijenga upya ili uwe imara zaidi, na ujenzi huo unahitaji muda na mapumziko. Huchukua miezi, si wiki. Basi kuna kipindi ambacho pumzi imekwisha kumwambia mkimbiaji "nenda," ilhali mfupa bado unasema "ngoja." Sauti ya pumzi ni kubwa. Sauti ya mfupa ni ndogo, na aghalabu husikika usiku.

Kwa ajili hiyo waalimu wa riadha wenye uzoefu hufundisha kwamba masafa ya wiki yaongezwe kidogo kidogo, kiasi cha sehemu moja ya kumi au karibu na hapo, na kwamba baada ya wiki tatu za kupanda ije wiki moja ya kushuka. Hufundisha pia kuhesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuinuka kitandani: yakizidi kawaida siku kadhaa mfululizo, mwili umechoka na unaomba kuachwa. Na wiki mbili za mwisho kabla ya mashindano ni za kupunguza, si za kuongeza. Hayo yote hayahitaji uwanja wala fedha. Yanahitaji mtu wa kuyasema, na sikio la kuyasikia.

Mwalimu wetu alianza kuumwa na muundi wa mguu wa kushoto katika wiki ya mwisho ya Januari. Mwanzoni maumivu yalienea mguu mzima, yakimjia akianza kukimbia na kumwacha akipata moto. Baadaye yakajikusanya mahali pamoja, mahali anapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, na yakawa hayamwachi hata akilala. Alimweleza mkewe tu. Wengine wote tuliokuwa tukimwuliza habari za mazoezi alitujibu, "Alhamdulillahi," nasi tukaridhika na jibu hilo kwa kuwa ndilo tulilolitaka.

Akasafiri. Alivuka kutoka Mkoani hadi Unguja, kisha Dar es Salaam, kisha basi la kutwa nzima hadi Moshi. Njia ya nusu marathoni pale si tambarare. Hupanda kuelekea Mweka, kwenye mteremko wa Mlima Kilimanjaro. Kukipanda kilima kwa mguu ule aliweza, kwa kuwa pumzi alikuwa nayo. Kukishuka hakuweza. Mpanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kilomita chache baada ya kugeuka aliketi kando ya njia, wahudumu wa huduma ya kwanza wakamfunga mguu na kumpakia garini.

Alirudi nyumbani usiku, na kwa siku nyingi hakuonekana barazani. Mimi nami sikwenda kumtazama. Nilikasirika. Nilidhani ametuvunjia heshima, na manung'uniko ya watu kuhusu fedha zao niliyasikiliza bila kuyakemea. Ilipita karibu wiki mbili ndipo nilipomwendea, nikamkuta amekaa kwenye kiti cha ukili, mguu ameunyosha. Daktari alikuwa amemwambia kwamba mfupa umeingia ufa mwembamba, ule unaotokana na kazi ya kupita kiasi, ambao pengine hata picha ya kwanza ya eksirei haiuonyeshi. Dawa yake ni kupumzika wiki 6 hadi 8. Nikamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akanitazama kidogo, akasema, "Kaka, ningalisema, mngalidhani nimeula mchango."

Nilitoka pale sina la kujibu. Chama chetu kilitufunza kukosoana na kujikosoa, na aghalabu ile nusu ya kwanza ndiyo tunayoijua zaidi. Basi hii ndiyo nusu ya pili: fedha tulizozitoa kwa nia njema ya kumsaidia ndizo zilizomfunga mdomo. Tulimfanya mtu wa ridhaa awe mtu wa kulipwa, bila ya kumpa mwalimu wala daktari wa wale wanaolipwa.

Huenda msomaji akaniuliza: je, hatukulelewa kwa mfano wa John Stephen Akhwari? Kweli tulilelewa kwa mfano huo, na ni mfano mtukufu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, Akhwari alianguka akaumia goti, akaendelea, akaingia uwanjani wa mwisho katika waliomaliza, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, bandeji ikiwa mguuni. Dunia haijamsahau. Lakini Akhwari aliumia siku ya mashindano, njiani, mbele ya macho ya watu. Hakuuficha mfupa uliopasuka kwa mwezi mzima kwa kuwaogopa majirani. Ule ni ushujaa. Huku kwetu tuliita ushujaa jambo lililokuwa hofu. Na tunaposimulia habari zake tunasahau kuongeza kwamba miaka 2 baadaye, mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa 5 katika marathoni. Aliuguza jeraha akarudi.

Wala si yeye peke yake. Juma Ikangaa alikuwa wa pili mjini Boston mwaka 1988, kwa tofauti ya sekunde 1 tu, akawa wa pili tena mwaka 1989 na wa pili tena mwaka 1990. Na katikati ya huzuni hizo, mwezi wa Novemba 1989, akashinda New York. Alphonce Simbu alitoka kwenye Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 mikono mitupu, na mwezi wa Septemba 2025 mjini Tokyo akawa bingwa wa dunia wa marathoni, akimpita mpinzani wake kwenye utepe kwa chini ya nusu sekunde. Kupanda na kushuka si aibu ya mkimbiaji. Ndiyo kazi yenyewe.

Turudi kwa mwalimu wetu. Mwezi wa Ramadhani uliingia mwishoni mwa Machi 2023, naye akiwa bado anauguza mguu. Aliniambia baadaye kwamba funga ya mwaka ule ilimfundisha jambo ambalo mbio hazikumfundisha: kwamba kujizuia nako ni kitendo, na kina ujira wake. Usiku alitembea taratibu kwenda tarawehe na kurudi, na huo ndio uliokuwa mwanzo wa mazoezi yake mapya. Baada ya Idi, kwa ruhusa ya daktari, alikimbia dakika 1 na kutembea dakika 4, na kila maumivu yalipotaka kurudi alisimama. Wakati mvua za masika zinakwisha alikuwa amerudi kwenye kilomita 15 kwa wiki, pale pale alipoanzia Novemba. Safari hii hakuna aliyecheka, na mimi nilihakikisha kwamba hakuna anayemsifu kupita kiasi.

Mwezi wa Julai, katika baridi ya kipupwe, alivuka kwenda Unguja akashiriki mbio za kilomita 21. Hakupata medali ya ushindi. Alimaliza kwa muda wa saa 1 na dakika 58, katikati ya watu, akarudi na boti ya kesho yake kwa miguu yake miwili mizima. Alipofika barazani mzee mmoja mvuvi alimwuliza neno moja tu: "Mguu je, mwanangu?" Akajibu, "Mzima, babu." Nikasema moyoni kwamba swali hilo lingeulizwa Januari, safari ya Moshi isingekuwa vile ilivyokuwa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi mwenye busara huuliza kwa nini koleo limevunjika, na kwa hili nina machache ya kuwaambia viongozi wenzangu na maofisa wa Serikali.

La kwanza, wakimbiaji wa ridhaa katika visiwa vyetu wanazidi mwaka hadi mwaka, waalimu, wauguzi, askari, wake kwa waume. Kwa kila wilaya pahitajika angalau mtu mmoja aliyefundishwa kanuni za mazoezi na huduma ya kwanza, na anayejulikana kwa sura. Waalimu wa michezo wa skuli zetu wanaweza kuifanya kazi hiyo wakipewa mafunzo mafupi. La pili, wanaopanga mashindano waitazame kalenda yetu. Mwezi wa Ramadhani huja mapema zaidi kwa kiasi cha siku 10 au 11 kila mwaka, na jua la kaskazi halimngojei mtu. Ratiba ikitangazwa mapema mkimbiaji atajua lini apande na lini ashuke. La tatu, viwanja vyetu vifunguliwe alfajiri, ili anayefanya mazoezi asilazimike kukimbia gizani kando ya magari, juu ya lami ngumu siku zote.

La nne halihitaji bajeti wala kikao. Tunapomchangia kijana wetu, tumchangie pamoja na ruhusa ya kushindwa. Tumwambie mbele ya watu, kama vile tunavyomwahidi ushindi mbele ya watu, kwamba akiumia arudi, na kwamba fedha zile ni zawadi na si deni. Mtu aliyepewa ruhusa hiyo ataisikia sauti ndogo ya mfupa wake kabla haijawa ufa. Pumzi hutangulia mfupa, na sifa hutangulia vyote viwili. Kazi yetu sisi tulio barazani ni kungoja.