Kileo, Kimea na Kitambi: Fadhila ya Kiasi Katika Vinywaji Vyetu



Katika Kwaresima iliyopita muumini mmoja wa Kibiti, mtumishi wa umma na baba wa watoto watatu, aliweka nia ya kuacha bia kwa siku zote arobaini, na nia hiyo akaitimiza. Hata jioni za mpira, wenzake walipoijaza meza kwa chupa, yeye aliagiza malti. Dominika ya Huruma ya Mungu alitufuata sakristia akiwa na furaha iliyochanganyika na mshangao, akatuambia: "Baba Paroko, mimi bia nimeiacha, lakini kitambi hakijaniacha." Alikuwa amepima uzito zahanati siku ya Jumatano ya Majivu, akapima tena baada ya Pasaka, na mshale wa mizani ulikuwa umesimama palepale.

Tulicheka pamoja naye, kisha tukaona kwamba neno lake halistahili kuishia katika kicheko. Siku hizi, katika sherehe nyingi za kipaimara, za komunyo ya kwanza na za somo wa jumuiya, kreti za bia zimepungua na mahali pake zimeingia kreti za vinywaji vya kimea visivyo na kilevi, yaani Bavaria, Azam Malti na jamii yake. Jambo hilo tunalipongeza. Lakini waamini wengi hudhani kwamba kwa kubadili chupa wamemaliza mambo mawili kwa mpigo, ulevi na afya ya mwili. La kwanza mara nyingi humalizika kweli. La pili ndilo lililomshangaza ndugu yetu.

Tuliketi naye tukapiga hesabu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani gramu 20 za kilevi. Kila gramu ya kilevi huupa mwili kalori 7, wakati gramu ya sukari au wanga hutoa 4 na gramu ya mafuta hutoa 9. Hivyo kilevi peke yake katika chupa ile ni kalori 140. Ongeza wanga uliobaki kutoka katika shayiri, kiasi cha gramu 15, unafika kalori 200 hivi. Ndugu yetu alikuwa akinywa chupa tatu kila jioni, ambazo ni kalori 600.

Malti yake je? Tuligeuza chupa tukasoma maandishi madogo ya nyuma, ambayo wengi wetu hatuyasomi kamwe. Ilikuwa na gramu 11 za sukari kwa kila mililita 100, nayo chupa ilikuwa ya mililita 330. Hizo ni gramu 36 za sukari, sawa na vijiko tisa vya chai, na kalori karibu 145. Na kwa kuwa hailewi, alikuwa akinywa nne. Kalori 580. Kwa siku arobaini alikuwa ameuondolea mwili wake kalori ishirini tu kila jioni, wakati ili kupunguza kilo moja ya mafuta mwilini huhitajika upungufu wa kalori zipatazo 7,700. Mizani haikusema uongo.

Alitazama karatasi ile kwa muda, kisha akauliza kama ni afadhali arudie bia. Hapana. Kileo kina madhara yake ambayo sukari haina. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kinachoweza kusemwa kuwa salama kabisa kwa afya, na tangu mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa shirika hilo wamekiweka kileo katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Zaidi ya hayo, kilevi kinapoingia mwilini, ini hulazimika kukishughulikia kwanza kama sumu, na katika muda huo uchomaji wa mafuta hupungua. Nyama choma na chipsi zilizoliwa pamoja na bia hupata hivyo nafasi nzuri ya kuwekwa akiba kiunoni. Kilevi pia hulegeza breki ya tumbo, na anayekunywa hula zaidi ya alivyokusudia. Kwa hiyo tulimwambia kwamba alifanya vema kuiacha bia, ila amesimama katikati ya safari.

Inafaa hapa kutofautisha vinywaji viwili ambavyo watu huviita kwa jina moja. Kipo kinywaji cha kimea kisichochachushwa, au kilichochachushwa kidogo sana, ambacho utamu wake hutokana na sukari ya shayiri na mara nyingi sukari iliyoongezwa. Hiki ndicho kilichojaa katika maduka yetu ya Kibiti na Ikwiriri. Kipo pia kinywaji kilichotengenezwa kama bia kamili kisha kilevi kikaondolewa. Hiki hakina utamu mwingi na kwa kawaida huwa na kalori chini ya 30 kwa mililita 100, nayo chupa zake huonekana zaidi katika maduka makubwa ya mijini. Katika nchi kadhaa kinywaji huruhusiwa kuitwa kisicho na kilevi hata kikiwa na hadi nusu ya asilimia moja. Jina la mbele ya chupa halitoshi. Lipo pia neno tunalolisikia mara kwa mara kutoka kwa akina mama, kwamba malti huongeza damu. Mama mjamzito asitegemee chupa hiyo. Vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki, pamoja na dagaa, maharage na mboga za majani, ndivyo vya kutegemewa. Na mwenye ugonjwa wa kisukari aihesabu malti kama soda.

Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu zote za chakula cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni gramu 50, vijiko kama kumi na viwili, bila kusahau ile ya chai ya asubuhi. Chupa mbili za malti zimeshavuka mpaka.

Wazee wetu wa delta watauliza: mbona sisi tulikunywa tembo miaka yote na hatukuwa na vitambi? Swali hilo ni la haki. Aliyekunywa tembo jioni pale Mbwera au Salale alikuwa amepiga kasia na upondo kati ya mikoko tangu alfajiri, amevuta nyavu, au amekesha akilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Mwili wake ulidai kila kalori aliyoipata. Sisi wa leo tunaketi ofisini, tunapanda bodaboda kutoka stendi hadi kanisani, tena mwendo wa kutembea kwa dakika kumi, kisha tunakunywa kama waliovuta nyavu. Padre naye yumo katika lawama hiyo, maana gari la parokia limetuzoesha vibaya.

Tembo lenyewe lina somo ndani yake. Mgema anaposhusha kibuyu chake asubuhi, utomvu wa mnazi huwa bado mtamu na mpole. Hamira ya asili iliyomo hewani na katika chombo huanza kazi mara moja, na kufikia jioni utamu umegeuka kilevi. Likiachwa siku kadhaa linakuwa siki. Kinachoondoka katika utamu huingia katika kilevi, na nguvu iliyomo hubaki kwa sehemu kubwa ileile. Ndivyo ilivyo kwa mabibo ya mikorosho yetu pia, matamu yanapochumwa na makali yakisha kukamuliwa na kuachwa. Kuhusu gongo hatutasema mengi hapa. Kilevi chake hakipimwi, na wapo walioipoteza macho na hata maisha kwa pombe za kienyeji zilizoingiwa na sumu.

Lakini mnazi uleule hutoa kinywaji kingine kabla haujagemwa. Maji ya dafu moja yana kalori kama 60 tu, hayana sukari ya kuongezwa, na yamejaa madini ya potasiamu. Mwenye ugonjwa wa figo ndiye anayepaswa kumuuliza daktari kwanza. Tunakiri kutoelewa ni kwa nini dafu, ambalo mgeni kutoka Dar es Salaam hulisimamishia gari barabarani, sisi hulionea haya kuliweka katika meza ya heshima. Ukwaju na choya navyo vinafaa, mradi mpishi asimimine sukari kilo nzima katika ndoo.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili hayana ukali ambao wengine hutuwekea mdomoni. Bwana wetu aligeuza maji kuwa divai huko Kana, na Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Kanisa halijapata kufundisha kwamba kileo chenyewe ni dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inaiweka mikononi mwa fadhila ya kiasi kazi ya kutuepusha na kila namna ya kupita kiasi, na inataja kwa pamoja chakula, kileo, tumbaku na dawa. Hapohapo inawatia hatia nzito wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi huhatarisha maisha barabarani. Yeyote aliyeona ajali katika barabara ya Kilwa anajua kwamba hayo si maneno ya vitabuni.

Angalieni kwamba chakula na kileo vimewekwa katika sentensi moja. Mtakatifu Thoma wa Akwino aliuhesabu ulevi kuwa tawi la ulafi. Anayeacha bia na kuishika sukari kwa mikono miwili amehama chumba, lakini bado yumo katika nyumba ileile. Tuseme wazi vilevile kwamba unene wenyewe si dhambi. Miili hutofautiana, yapo magonjwa, zipo dawa, upo urithi wa familia, na hakuna ruhusa ya kumcheka mtu kwa sababu ya umbo lake. Tunachojiuliza ni kama mkono bado una uwezo wa kuiacha chupa.

Kwa wale ambao mkono umekwisha kushindwa, Kanisa lina huruma ya pekee, na huruma hiyo imefika hadi altareni. Kanuni ya 924 inadai kwamba divai ya Misa iwe ya asili, ya zabibu, isiyoharibika. Hata hivyo, kwa barua ya tarehe 24 Julai 2003 iliyotiwa saini na Kardinali Joseph Ratzinger, Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa liliwathibitishia Maaskofu uwezo wa kumruhusu padre mwenye shida hiyo atumie mustum, yaani maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umesimamishwa bila kuharibu asili yake. Ikiwa Kanisa limetafuta njia kwa ajili ya padre asiyeweza kugusa kileo, jumuiya haiwezi kumwambia muumini anayepigana na ulevi, "Onja kidogo tu, leo ni sikukuu." Kwa mtu huyo hata bia isiyo na kilevi huweza kuwa mtego, maana harufu na ladha huamsha kiu ya zamani. Naye aliyezoea kunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Akianza kutetemeka, kutokwa jasho au kuona mauzauza, apelekwe hospitali upesi, kwani hali hiyo huweza kuua.

Lipo jambo moja zaidi linalotuhusu sisi wa Kibiti na Rufiji kuliko waamini wa mikoa mingine. Hapa tu wachache, na jirani zetu walio wengi ni Waislamu, watu wanaotupikia tukifiwa na tunaokwenda kuwapa mkono wa Idi. Meza iliyojaa bia humwachia jirani huyo kiti ambacho hawezi kukikalia kwa amani. Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka kwa Warumi, aliona ni vema kutokunywa divai ikiwa itamkwaza ndugu. Malti imesaidia hapo kwa sehemu, ingawa wapo majirani wanaosita hata mbele ya chupa inayofanana na ya bia. Mbele ya dafu hatujamwona anayesita.

Kwa sherehe ya somo wa parokia mwaka huu tumeiomba kamati ipunguze kreti kwa nusu na iagize madafu kutoka upande wa Nyamisati. Mzee mmoja wa kamati alituuliza ni nani atakayesimama na panga siku nzima kuyafungua, na hilo bado tunalijadili. Ndugu yetu wa Kwaresima amejitolea. Tulimpima kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, akapata sentimita 101, wakati mpaka ambao kuanzia hapo hatari ya magonjwa huongezeka ni 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Ameandika namba hiyo nyuma ya kalenda ya liturujia iliyopo ukutani kwake, akaacha nafasi chini yake kwa ajili ya Jumatano ya Majivu ijayo.