Mashine ya Kunoa Ubongo: Je, Mikono Hujifunza Upesi?

 

Mama mmoja anayejifunza kushona aliniuliza: "Sista, nasikia kuna mashine ya kutia ubongo stima ili mikono ishike kazi upesi. Ni kweli?"

Unapojifunza kushona au kusuka, ubongo hutuma ujumbe kwenye misuli. Ukirudia mara nyingi, njia ya ujumbe huo huimarika, kama kijia cha mtoni kinachopitwa kila siku.

Mwaka wa 2000, watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha kwamba umeme hafifu ukipitishwa kichwani hubadilisha kwa muda utendaji wa sehemu ya ubongo inayoongoza misuli. Kwa kawaida hutumiwa miliampea 1 hadi 2, kwa dakika 20 hivi. Mwaka wa 2009, watafiti nchini Marekani waliwafundisha watu wazima wenye afya kazi ya vidole kwa siku 5. Waliotiwa umeme walijifunza zaidi, na baada ya miezi 3 walikuwa bado mbele. Lakini majaribio mengine hayakuona faida hiyo.

Njia nyingine haitii umeme. Mashine husoma mawimbi ya ubongo na kuyaonyesha kwenye skrini, na mtu hujizoeza kuyabadilisha. Hapa pia matokeo hutofautiana.

Kwa hivyo mama, usitoe karo ya mtoto kununua mashine kama hiyo. Usijaribu kamwe kuunganisha betri na waya kichwani, kwako au kwa mtoto. Umeme unaweza kuchoma ngozi. Mwenye kifafa au chuma kichwani asiguse kabisa bila ushauri wa daktari.

Basi ufanye nini? Jizoeze kidogo kila siku, badala ya kujichosha siku moja. Anza polepole, kisha ongeza kasi. Pumzika. Halafu lala vya kutosha, kwa sababu ukiwa usingizini ubongo huendelea kuimarisha ulichojifunza mchana.

Jambo la mwisho. Mkono ukilegea ghafla, uso ukienda upande au maneno yakikwama, hilo si suala la mazoezi. Huenda ni kiharusi. Mkimbize mgonjwa hospitalini mara moja, maana kila dakika ni muhimu.

Haba na haba hujaza kibaba. Hadi wiki ijayo, kwaherini.